Moyo, Ubongo na Kiharusi: Yaonekanayo kwa Vyombo vya Picha

Neno kiharusi, litajwapo, huleta mawazoni sura ya mzee aliyelala salama usiku na kuamka mdomo umepinda, mkono mmoja umelegea na maneno hayatoki. Sura hiyo ni ya kweli, lakini haijakamilika. Katika vijiji vya wilaya ya Kishapu, kama katika vijiji vingine vya Usukuma na vya ukanda wa dhahabu wa Geita, kiharusi humpata pia mtoto wa shule ya msingi. Jana alikuwa akicheza na wenzake; leo ameangusha kalamu, na anapoambiwa aiokote mkono haumtii. Nyumbani kila mtu hutafuta sababu. Wengine husema ni degedege, wengine ni upepo mbaya, na wako wanaomtazama jirani kwa jicho la shaka. Kumbe aghalabu sababu imo katika damu ya mtoto mwenyewe, na hatari yake ilikuwa ikitoa ishara miezi mingi kabla, kwa sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia bila chombo.

Makala haya yanaeleza jinsi kazi ya moyo na afya ya mishipa ya ubongo zinavyofungamana, na jinsi vyombo vya picha vilivyowawezesha wataalamu kuuona ufungamano huo. Yanawahusu hasa wanafunzi wa fizikia na biolojia wa shule za sekondari, kwa kuwa kanuni zinazotumika humo ni zile zile zifundishwazo darasani. Yanawahusu pia walimu, kwa sababu itakayodhihirika mbele.

Pampu na mteja wake mkuu

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga karibu mara 70 kwa dakika, na kila pigo husukuma karibu mililita 70 za damu. Tarakimu hizo zikizidishwa hutoa mililita 4,900, yaani takriban lita 5 kila dakika. Katika lita hizo ubongo hupokea karibu mililita 750, ingawa uzito wake ni kilo 1.4 tu, au asilimia 2 ya uzito wa mwili. Upendeleo huo una sababu. Ubongo hauna ghala la oksijeni, na akiba yake ya sukari ni ndogo mno. Msuli wa mguu unaweza kukosa damu kwa nusu saa kisha ukapona. Seli za ubongo zikinyimwa damu kabisa huanza kufa baada ya dakika chache.

Mahitaji ya mtoto ni makubwa zaidi. Ubongo wa mtoto wa miaka 5 au 6 hupokea, kwa kila gramu 100, karibu mara mbili ya damu ipokewayo na ubongo wa mtu mzima. Huu ndio umri ambao mtoto huanza kujifunza kusoma na kuhesabu, na ubongo wake uko katika ujenzi mkubwa. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa kuwa linaeleza kwa nini ugonjwa utakaozungumzwa hapa huwashambulia wadogo mapema.

Kiharusi ni kifo cha sehemu ya ubongo kitokanacho na hitilafu ya damu. Ziko aina mbili kuu. Katika aina ya kwanza mshipa huziba au hubanwa hata damu ikashindwa kupita. Katika aina ya pili mshipa hupasuka na damu kumwagika ndani ya ubongo au kuuzunguka. Dalili za nje huweza kufanana kabisa, ilhali tiba zake hupingana: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo huweza kumwokoa mgonjwa wa aina ya kwanza, huweza kumuua wa aina ya pili. Hapo ndipo ulipo umuhimu wa kuona ndani ya fuvu kabla ya kutibu.

Damu yenye umbo la mundu

Hemoglobini ni protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu, na kazi yake ni kubeba oksijeni. Katika ugonjwa wa selimundu, kiungo kimoja tu cha protini hiyo kimebadilika: mahali pa asidi ya glutamiki pamekaa valini. Badiliko hilo dogo, lililogunduliwa na Vernon Ingram katika miaka ya 1950, hufanya hemoglobini iliyopoteza oksijeni ishikamane na kujenga nyuzi. Chembe iliyokuwa laini na ya duara hukakamaa na kupinda kama mundu wa kuvunia. Chembe ya kawaida huishi siku 120. Chembe hizo huvunjika baada ya wiki mbili au tatu. Kwa hiyo mgonjwa hupungukiwa damu siku zote.

Kwa nini jeni yenye madhara namna hiyo imeenea kwetu? Jibu lilitolewa mwaka 1954 na Anthony Allison, mtaalamu aliyekulia Kenya na kufanya utafiti wake Afrika ya Mashariki. Alionyesha kwamba mtu mwenye jeni moja tu ya selimundu, ambaye kwa kawaida haugui, hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Palipo na mbu wengi kwa karne nyingi, wabebaji wa jeni hiyo walisalimika na kuzaa. Mwambao wa Ziwa Viktoria ni mojawapo ya mahali hapo.

Uchunguzi uliofanywa Kaskazini-Magharibi mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2020 ulitumia matone ya damu ya zaidi ya watoto wachanga 17,000, yaliyokuwa yamekusanywa kwa ajili ya vipimo vingine na kuhifadhiwa katika maabara ya Bugando, Mwanza. Karibu mtoto 1 kati ya 5 alikuwa mbebaji wa jeni, na watoto wapatao 1.2 kwa kila 100 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Mwanafunzi aliyesoma kanuni za Mendel anaweza kuyapima matokeo hayo. Ikiwa mtu 1 kati ya 5 ni mbebaji, basi uwezekano wa mke na mume wote wawili kuwa wabebaji ni 1/5 × 1/5, yaani 1/25. Kila mtoto wao ana nafasi 1 kati ya 4 ya kurithi jeni zote mbili. Kwa hiyo 1/25 × 1/4 ni 1/100. Hesabu ya ubaoni na hesabu ya maabara zinakaribiana.

Maana yake kwa shule si ndogo. Katika kila watoto 100 wanaozaliwa kandokando ya Ziwa, mmoja hivi huzaliwa na selimundu. Tafiti zilizofanywa Marekani kabla ya kinga kupatikana zilionyesha kwamba watoto 11 hivi kati ya kila 100 wenye aina kali ya ugonjwa huu walipatwa na kiharusi cha wazi kabla ya kufikia miaka 20.

Hesabu ya oksijeni

Gramu 1 ya hemoglobini hubeba karibu mililita 1.34 za oksijeni. Mtoto mwenye afya ana gramu 125 hivi za hemoglobini katika lita 1 ya damu. Kwa hiyo lita hiyo hubeba mililita 168 za oksijeni. Mtoto mwenye selimundu aghalabu ana gramu 75 tu, na lita yake hubeba mililita 100. Ikiwa viungo vitahitaji oksijeni ile ile, damu zaidi haina budi kupita kila dakika: 168 kugawanya kwa 100 ni karibu 1.67. Yaani kazi ifanywayo na lita 3 kwa mtoto wa kwanza yahitaji lita 5 kwa mtoto wa pili.

Mzigo huo hubebwa na moyo. Kwanza huongeza ujazo wa kila pigo, na mapigo nayo huweza kuongezeka. Kwa miaka mingi chumba cha chini cha kushoto hutanuka, mfano wa mfuko uliozoea kubeba shehena kubwa kuliko ulivyoshonewa. Hivyo moyo wa mtoto huyu, hata akiwa ameketi darasani, hufanya kazi ifananayo na ya mtu atembeaye kwa haraka.

Je, wataalamu walijuaje kwamba moyo umetanuka bila kupasua kifua? Mwaka 1953, katika mji wa Lund nchini Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walijaribu chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya viwanda. Hertz alikiona kwanza katika karakana ya meli mjini Malmö, kilipokuwa kikitumika kutafuta nyufa ndani ya chuma. Chombo hicho hutuma sauti yenye masafa makubwa mno kwa sikio, kisha husikiliza mwangwi. Kwa kujua mwendo wa sauti ndani ya mwili, ambao ni karibu mita 1,540 kwa sekunde, na muda uliopita hadi mwangwi kurudi, umbali wa kila ukuta wa moyo hupatikana. Popo huwinda kwa kanuni hiyo. Leo mwangwi wa moyo huonyeshwa kama picha inayotembea, na mtazamaji huona vali zikifunguka na kufunga, na chumba kikijaa na kukamua. Hapo huhesabiwa pia sehemu ya damu inayotolewa kwa kila pigo. Katika moyo wenye nguvu ni zaidi ya nusu ya damu iliyojaa chumba cha kushoto.

Sauti ya damu iendayo kasi

Kila aliyesimama kando ya barabara ya Shinyanga amesikia jinsi honi ya basi inavyosikika nyembamba linapokaribia, kisha ikawa nzito linapokwisha kupita. Christian Doppler aliieleza kanuni hiyo mwaka 1842. Chembe za damu zinazokimbilia chombo hurudisha mwangwi wenye masafa makubwa zaidi ya yale yaliyotumwa. Zinazokimbia kwenda mbali hurudisha madogo zaidi. Tofauti hiyo hutoa kasi ya damu.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba fuvu ni ukuta mnene usiopitisha sauti hiyo. Mwaka 1982 Rune Aaslid na wenzake, waliofanya kazi Bern, Uswisi, walionyesha kwamba juu ya shavu, mbele ya sikio, mfupa ni mwembamba kiasi cha kuwa dirisha. Kwa kutumia sauti ya megahezi 2 waliweza kupima kasi ya damu katika ateri kuu za ubongo. Hesabu yake yafaa kufanyiwa mazoezi. Tofauti ya masafa ni mara mbili ya masafa yaliyotumwa, mara kasi ya damu, kugawanya kwa kasi ya sauti. Damu iendayo mita 2 kwa sekunde kuelekea chombo hutoa tofauti ya 2 × 2,000,000 × 2 ÷ 1,540, yaani hezi 5,200 hivi. Tofauti hiyo sikio laweza kuisikia. Mpimaji husikia mvumo wa damu katika kipaza sauti kama upepo upitao katika mianzi.

Jambo la kupendeza ni kwamba chombo hiki ni kidogo, hubebeka mkononi, hakina mionzi wala sindano, na mtoto hupimwa akiwa macho amelala kitandani. Kwa nchi yenye hospitali zilizotawanyika, hizo si sifa ndogo.

Sentimita 200 kwa sekunde

Katika mtoto mwenye afya kasi ya wastani ya damu katika ateri ya katikati ya ubongo hukaribia sentimita 90 au 100 kwa sekunde. Katika mtoto mwenye selimundu huwa kubwa zaidi, na sababu zake ni mbili. Mwanafunzi wa fizikia atazitambua mara moja katika kanuni isemayo kwamba kasi ya maji katika bomba ni sawa na kiasi cha maji kipitacho, kugawanya kwa eneo la tundu.

Sababu ya kwanza ni kiasi. Moyo unasukuma damu nyingi zaidi, kama ilivyoelezwa. Ikiwa mtiririko umeongezeka mara 1.67 na tundu la ateri halikubadilika, kasi ya sentimita 100 hupanda kufikia 167.

Sababu ya pili ni eneo. Chembe ngumu hukwaruza utando wa ndani wa ateri, nao huvimba na kufanya kovu, hata njia ikawa nyembamba. Nusukipenyo kikipungua kwa sehemu 3 tu katika 10, eneo hubaki 0.7 × 0.7, yaani 0.49, karibu nusu. Kiasi kile kile cha damu kikitaka kupita, kasi hukaribia mara mbili.

Hatari huja mambo hayo mawili yanapokutana. Ateri ambayo tayari ina kasi ya 167 kwa sababu ya kazi ya moyo, nusukipenyo chake kikipungua kwa sehemu 1 tu katika 10, kasi yake hufika 167 ÷ 0.81, yaani 206. Hesabu hii ni ya mfano, kwa kuwa mishipa ya mwilini si mabomba ya chuma. Hutanuka na kusinyaa. Lakini huonyesha kwa nini tarakimu moja ya kasi hubeba habari za viungo viwili: yasema juu ya moyo ulioelemewa na juu ya mshipa unaoziba. Ili kuzitenga habari hizo, wataalamu hulinganisha upande wa kulia na wa kushoto wa ubongo. Moyo ukiwa ndio sababu, pande zote mbili huenda kasi. Upande mmoja ukiuzidi sana mwenzake, mshipa wa upande huo hushukiwa.

Kutokana na vipimo vya Robert Adams na wenzake nchini Marekani mipaka iliwekwa: chini ya sentimita 170 kwa sekunde ni kawaida, kuanzia 170 hadi 199 ni hali ya kuangaliwa, 200 na kuzidi ni hatari, na watoto 10 hivi kati ya kila 100 walio katika hali hiyo hupatwa na kiharusi kila mwaka wasipotibiwa. Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watoto 130 waliokuwa na kasi ya hatari. Kati ya watoto 67 waliopewa huduma ya kawaida, 11 walipata kiharusi. Kati ya 63 waliongezewa damu kila mwezi, alipata 1 tu. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa haikuwa halali tena kuwanyima wengine kinga hiyo.

Picha za vipande na viharusi vya kimya

Kipimo cha kasi hutabiri. Hakionyeshi sehemu ya ubongo iliyokwisha kufa. Kwa kazi hiyo hutumiwa picha za vipande.

Wakazi wa Kishapu wanaishi jirani na Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Katika viwanda vya kuchambulia almasi duniani, changarawe hupitishwa mbele ya mionzi ya eksirei. Almasi hung'aa, na kifaa kiuonacho mwanga huo hupuliza hewa na kuitenga na mawe mengine. Mionzi hiyo hiyo, aliyoigundua Röntgen mwaka 1895, hupita mwilini na kupunguzwa nguvu kwa kadiri ya uzito wa kitu. Lakini picha ya kawaida ya eksirei hulundika kila kitu juu ya kingine, na ubongo hufichwa na fuvu.

Mwingereza Godfrey Hounsfield alitatua tatizo hilo kwa kuzungusha mionzi pande zote za kichwa na kuiachia kompyuta ikokotoe uzito wa kila nukta. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo London tarehe 1 Oktoba 1971. Hesabu zake zilikuwa zimekwisha kuandikwa na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, na wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Katika picha ya namna hii damu mpya iliyomwagika huonekana nyeupe mara moja. Sehemu iliyokosa damu huonekana nyeusi, lakini baada ya saa kadhaa. Hivyo katika saa za kwanza picha hujibu hasa swali moja lililo kubwa: je, mshipa umepasuka?

Chombo cha pili hutumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio, na wavumbuzi wa picha zake, Paul Lauterbur na Peter Mansfield, walituzwa mwaka 2003. Tangu miaka ya 1990 chombo hicho kimeweza kuonyesha jinsi chembechembe za maji zinavyotembea ndani ya ubongo. Seli inayokufa huvimba na maji yake hukwama, kwa hiyo kiharusi huonekana mapema, pengine katika dakika za kwanza.

Ni chombo hicho kilichofichua jambo lililowashtua watafiti. Watoto wengi wa selimundu ambao hawajapooza kamwe walikutwa na makovu madogo ndani ya ubongo. Hivi huitwa viharusi vya kimya. Katika utafiti mmoja zaidi ya theluthi moja ya watoto wenye aina kali ya ugonjwa walikuwa navyo kufikia miaka 14. Mkono hufanya kazi, ulimi hunena, lakini uangalifu na kumbukumbu hupungua. Kwa mwalimu mtoto huyu ni yule aliyekuwa akishika nafasi za mbele kisha akashuka, asahauye alichofundishwa jana, akaitwa mvivu. Hapa ndipo sayansi ya picha inapougusa utaratibu wa shule. Kiboko hakiponyi kovu la ubongo.

Moyo wa mtu mzima

Kwa watu wazima uhusiano huchukua njia nyingine. Shinikizo kubwa la damu hunenepesha ukuta wa moyo na wakati huo huo hudhoofisha mishipa midogo ya ubongo. Unene unaoonekana katika mwangwi wa moyo huwa kama shahidi wa madhara yafanyikayo kichwani. Tena, vyumba vya juu vya moyo huweza kutetemeka ovyo badala ya kukamua. Damu iliyotuama katika pembe ya chumba cha kushoto huganda, na bonge likichomoka husafiri moja kwa moja hadi ubongoni. Hali kadhalika vali iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya moyo, ambayo huanza na maumivu ya koo yasiyotibiwa utotoni, huzuia damu na kuiacha ituame.

Tanzania ina sifa ya kuwa na mojawapo ya tafiti za kiharusi zilizofanywa kwa makini katika bara zima. Kati ya mwaka 2003 na 2006 wagonjwa wapya wote wa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na wa sehemu ya jiji la Dar es Salaam walifuatiliwa. Baada ya kusawazisha umri, walipatikana 109 hivi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 316 Dar es Salaam. Uchunguzi mwingine wa Hai, uliowahusu wazee wa miaka 70 na kuzidi, ulikuta kwamba mtetemeko wa vyumba vya juu vya moyo uliwapata chini ya mzee 1 kwa kila 100, ilhali karibu 7 kati ya 10 walikuwa na shinikizo kubwa la damu. Ulaya mtetemeko huo ni sababu kubwa ya kiharusi cha wazee. Hai adui mkuu alikuwa shinikizo. Funzo lake ni kwamba vitabu vya nchi za nje havitoshi kueleza magonjwa ya hapa. Hapana budi kupima.

Isisahauliwe kwamba njia hii ina pande mbili. Ubongo uliojeruhiwa huweza kuudhuru moyo. Kiharusi kikigusa sehemu zinazoongoza neva za moyo, homoni za mshtuko humwagika kwa wingi, mapigo huvurugika na ncha ya moyo huweza kulegea kwa siku kadhaa, ingawa mishipa yake haikuziba. Ndiyo sababu katika hospitali zenye uwezo mgonjwa wa kiharusi hupimwa moyo pamoja na kichwa.

Kazi inayofanyika Mwanza

Kuongeza damu kila mwezi ni kinga imara, lakini ni mzigo usiobebeka palipo na uhaba wa damu salama. Mwaka 2016 ilionyeshwa nchini Marekani kwamba dawa ya haidroksiyurea, inywewayo kila siku, huweza kushika mahali pa damu hiyo kwa watoto wengi walio hatarini waliokwisha kuongezewa damu kwa mwaka mmoja au zaidi na ambao ateri zao hazijabanwa sana. Dawa hii huamsha hemoglobini ya utotoni, ile aliyokuwa nayo mtoto tumboni mwa mama yake, ambayo haishikamani. Chembe huishi zaidi, hemoglobini hupanda, moyo hupunguziwa kazi, na kasi ya damu ubongoni hushuka.

Mwaka 2019 watafiti wa Bugando, wakishirikiana na wenzao wa Cincinnati, walianza kuwapima watoto wa Kanda ya Ziwa kwa kipimo cha Doppler. Walipimwa karibu watoto 200, na wale waliokutwa na kasi iliyopanda walipewa haidroksiyurea. Kasi zao zilishuka. Huko Dar es Salaam hospitali ya Muhimbili, ambayo tangu mwaka 2004 imefuatilia maelfu ya wagonjwa wa selimundu, imeshiriki katika tafiti zinazotumia picha za sumaku, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyofunguliwa mwaka 2015, hutibu magonjwa ya moyo ya aina mbalimbali. Maarifa basi yapo nchini. Lililobaki gumu ni umbali kati ya kijiji na chombo, na kati ya dalili na uamuzi wa kuondoka nyumbani.

Jaribio la darasani

Mpira wa kumwagilia bustani, ndoo, saa na rula vyatosha. Jaza ndoo ya lita 10 kwa mpira ulio wazi na uandike muda. Kokotoa kasi ya maji kwa kutumia kipenyo cha tundu. Kisha binya mdomo wa mpira kwa kidole na utazame maji yanavyoruka mbali. Pima tena muda wa kujaza ndoo. Wanafunzi wataona kwamba kasi mdomoni huongezeka hata pale maji yanapopungua kidogo tu. Na wakiendelea kubinya hadi karibu kufunga, watafikia mahali ambapo ndoo haijai. Vivyo hivyo ateri ya ubongo huanza kwa kwenda kasi, kisha, ikibanwa mno, mtiririko hufifia. Mpimaji mwenye ujuzi huogopa kasi kubwa, na huogopa pia ukimya.

Wajibu wa shule

Mwalimu hana chombo cha mwangwi, lakini huwaona watoto kila siku kuliko daktari yeyote. Mtoto mwenye selimundu anayelegea mkono au mguu wa upande mmoja, anayepinda mdomo, anayeshindwa kunena ghafla, au anayeumwa kichwa kwa namna asiyoizoea, apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama dalili zimetoweka baada ya dakika chache; dalili zipitazo aghalabu hutangulia zile zisizopita. Anayeshuka masomoni bila sababu iliyo wazi aandikiwe barua ya kwenda kupimwa. Homa na malaria hupunguza damu na kuuongezea moyo mzigo, kwa hiyo zisisubiriwe. Mtoto huyu anywe maji ya kutosha, hasa katika miezi ya kiangazi cha Kishapu, na aruhusiwe kupumzika wakati wa michezo bila kudhihakiwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mtu mwenye upungufu wa damu huwa na moyo uendao mbio hata akiwa ameketi?

2. Nusukipenyo cha ateri kimepungua kwa sehemu 2 katika 10, na mtiririko haukubadilika. Kasi iliyokuwa sentimita 120 kwa sekunde itakuwa ngapi? Je, imevuka mpaka wa hatari?

3. Katika kijiji ambamo mtu 1 kati ya 4 ni mbebaji wa jeni ya selimundu, watoto wangapi kwa kila 1,000 hutazamiwa kuzaliwa na ugonjwa?

4. Eleza kwa nini daktari hataki kutoa dawa ya kuyeyusha damu kabla ya kupata picha ya ubongo.